Sentensi ya Kumi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Umeniandikia hivi: "Dada, acheni kumchezea Mama kwa taa za rangi. Hana la kusema tena. Mwacheni anyamaze kwa heshima, kimya nacho ni haki ya mtu mzima." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Nitakujibu yote, na jibu la mwisho litaniumiza mimi kuliko wewe. Lakini hata wagombanao huanza kwa kujuliana hali.

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Lile goti lake limepoa, au bado anapanda ngazi kwa kulitukana? Na pacha wako, bado wanagombea kiti cha dirishani? Wabusu wote wawili kwa mkupuo mmoja, wasije wakabishana nani kabusiwa kwanza.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunaamka. Mimi nina presha ile ile na ulimi ule ule, na daktari amefanikiwa kushusha kimoja tu. Mama anakula kidogo na kulala kidogo. Mkono wake wa kulia hautulii tena hata akipumzika. Unatetemeka juu ya shuka kana kwamba unatafuta kitu alichokidondosha. Nimelisema neno "hatujambo" kwa adabu. Chini yake weka unachokijua.

Sasa nije kwenye hizo taa zako za rangi.

Katika hospitali tunayokwenda kuna chumba mwisho wa korido, jirani na stoo ya magongo. Humo anafanya kazi binti mmoja, mtaalamu wa tiba ya usemi, mwembamba kama ufagio na mkaidi kama mimi. Juu ya meza yake kuna kisanduku kisichozidi redio ndogo. Kina maikrofoni ya kubana kwenye ukosi, na usoni kina vitaa kumi kwa mstari: vinne vya njano, vinne vya kijani, viwili vyekundu. Ukisema, vinawaka kwa kadiri ya ukubwa wa sauti yako. Mtu mzima anayezungumza kawaida huwasha sita. Kabla mgonjwa hajaanza, binti huchukua rula akapima kutoka mdomoni hadi kwenye maikrofoni, kila siku masafa yale yale, ili asije mtu akajidanganya kwa kuinamia chombo.

Siku ya kwanza Mama aliwasha viwili.

Unadhani ugonjwa huu wa kutetemeka umeliharibu koo lake. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilikuwa nimesoma vitabu viwili kuhusu habari hiyo. Koo la Mama lina nguvu zake. Kilichoharibika ni kipimo alichokuwa nacho kichwani. Yeye akinong'ona, ndani ya masikio yake anasikia sauti ya kawaida. Akisema kwa sauti ya kawaida, anaona anapiga kelele, na mtu aliyelelewa vizuri hapigi kelele mbele za watu. Kwa hiyo anajishusha, na kila akijishusha anaona sasa yuko sawa. Ndiyo maana kumwambia "Mama, ongeza sauti" hakusaidii kitu. Tumemwambia miaka miwili. Ni sawa na kumwambia mtu mwenye saa mbovu awahi. Lazima kwanza aione saa ya ukutani, na hizo taa ndizo saa yake ya ukutani. Anasema, anatazama, macho yanamwambia kile ambacho masikio yake yanamficha, naye anajirekebisha. Niambie mchezo uko wapi hapo.

Unakumbuka sauti ile? Miaka thelathini mkunga katika wodi ya wazazi, na wanawake walisema sauti ya Sista ikikuambia sukuma, hata mume aliye nje ya geti anasukuma. Basi sikiliza alichomwambia yule binti siku ya kwanza.

"Mwanangu, usinilazimishe kupiga kelele. Kuna wagonjwa chumba cha pili."

"Hapo umepiga kelele, Mama?"

"Sana."

"Hebu tazama taa."

Mama akatazama. Viwili. Akakikagua kisanduku kama alivyokuwa akiikagua mizani ya kupimia watoto wachanga, kisha akatoa hukumu: "Mashine yako mbovu."

Nikacheka. Nilikuwa nimekaa mlangoni kabisa, na taa zote kumi zikawaka hadi nyekundu. Binti hakugeuka hata kunitazama. "Haina ubovu, Mama. Umemwona Dada pale? Dada, kaa kimya au kaa nje. Tusije tukamtibu asiyeumwa."

Kisha akamrekodi akisoma mistari minne ya gazeti, akamsikilizisha kwa kinasa sauti. Chumbani pakasikika kitu kama karatasi zinazosuguana. Mama akaniangalia mimi.

"Huyo nani?"

"Ni wewe, Mama," binti akamjibu.

Alikitazama kile kinasa sauti. Mkono ule wa kulia ulikuwa unapiga ukingo wa meza, tik tik tik, na hakuna aliyeushika. Halafu akasema neno ambalo nilimwomba binti alirudie, kwa sababu mimi sikulisikia, nami nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Alikuwa amesema: "Nilidhani mmenichoka."

Rudi usome tena hapo, Kitinda. Kwa miaka miwili mama yetu alikuwa anazungumza, kwa jinsi alivyojisikia yeye, kama alivyozungumza siku zote. Anaomba maji, watu wanaendelea na mazungumzo yao. Anasimulia jambo, fundi cherehani wa jirani anamkatiza katikati na kuanza lake. Anamweleza daktari panapomuuma, daktari anageukia kwangu: "Anakula vizuri?" Kana kwamba nimempeleka kuku kwa daktari wa mifugo! Mtu akipungukiwa sauti, watu humpunguzia na akili. Wanamsemesha kwa kelele na kwa vineno vya kitoto, halafu wanamzungumzia mbele yake kama kabati. Yeye hakujua kwamba hatumsikii. Alijua tunamsikia na hatumjali. Akafikiri: hawa niliowazaa wameshanimaliza. Ndipo akanyamaza.

Hicho ndicho kimya chako cha heshima. Usikipambe. Ni kimya cha mtu aliyeketi nyumbani kwake akaona watoto wake wanampita kama kiti.

Tukaanza kazi. Siku nne kwa wiki, mwezi mzima wa kwanza, na hata sasa hatujaacha. Kushika "aaa" moja hadi pumzi iishe: sekunde tano, baadaye nane, baadaye kumi na tatu. Kupanda kutoka sauti ya chini hadi ya juu. Kuhesabu. Na kila mara macho yakiwa kwenye taa. Wiki ya pili aligoma, akasema amechoka kubweka kama mbwa wa mlinzi. Binti akamuuliza: "Mama, wale wazazi kule wodini ulikuwa unawaambiaje?"

"Sukuma."

"Kiambie na hiki kisanduku."

"SUKUMA!"

Taa nane, Kitinda! Nesi mmoja akafungua mlango kwa kishindo, macho yamemtoka. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Unashangaa nini, binti? Vaa glavu." Ni muda mrefu nilikuwa sijamsikia akitania. Nikatoka koridoni nikalia mbele ya magongo.

Laiti barua hii ingeishia hapo, ningekuwa nimekushinda, ningetia sahihi nikaenda zangu kulala. Haikuishia hapo.

Wiki ya tatu ni wiki ya sentensi. Mgonjwa hutakiwa kuchagua sentensi kumi ambazo yeye mwenyewe huzisema, au anataka kuzisema, kila siku ya maisha yake. Hizo ndizo atakazozifanyia mazoezi, kila moja mara tano kwa kikao, mpaka sauti kubwa izizoee na kutoka nazo nje ya chumba kile. Binti alinipa karatasi nimpelekee Mama nyumbani, ajaze kwa nafasi.

Niliijaza mimi. Jikoni, kwa dakika nne, sufuria ikiwa motoni. "Naomba chai." "Fungua dirisha." "Asante mwanangu." "Nataka kulala." "Leo sijambo." Na nyingine tano za namna hiyo hiyo. Wala sikuona kosa. Niliona nimeokoa muda. Kwa miaka miwili ilikuwa kazi yangu: akifungua mdomo, mimi namalizia. Mama anasema hivi, Mama hataki kile, Mama ameshiba. Mimi ambaye nimejaza kurasa za magazeti nikiwashambulia watu wanaosemea wanyonge bila kuwauliza!

Binti akaisoma karatasi. "Hizi ni za Mama?"

"Ni zake."

"Kazisema lini?"

Binti hakungoja nitunge. Akaifungua droo, akatoa karatasi nyingine nyeupe, akanionyesha mlango.

Nilikaa kwenye benchi la koridoni. Kwa robo saa sikusikia kitu. Kisha nikaanza kumsikia Mama. Nasema nilimsikia, kupitia mlango wa mbao uliofungwa, mwanamke ambaye wiki tatu kabla hakusikika ng'ambo ya meza.

"Sijamaliza kusema." Mara tano.

"Usinijibie." Mara tano. Nilijua inamhusu nani. Korido nzima ingejua, kama ingekuwa inanifahamu.

"Niulize mimi." Mara tano. Zikafuata nyingine ndogo ndogo, za maji, za mto wa kuegemea, moja ya kumfukuza fundi cherehani, "Nenda kashone," iliyomchekesha binti hadi kukohoa. Halafu ikaja ya tisa.

"Nataka kwenda kukaa kwa kitinda mimba wangu."

Mara tano, mdogo wangu. Mara ya kwanza nilidhani ni mazoezi tu. Mara ya tano nilikuwa nimeshika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

Unaikumbuka simu yako ya mwaka jana, mwezi wa tatu. Ulisema chumba kiko tayari huko kwenu ng'ambo, wifi ameshapaka rangi, tumlete Mama akae nanyi mpaka mwisho wake. Nikakuambia, "Subiri nimuulize." Nikaishusha simu, nikamuuliza. Akafungua mdomo. Midomo yake ikatembea. Sikusubiri. Nikairudisha simu sikioni nikakuambia, "Mama anasema hawezi kuiacha nyumba yake." Nawe ukasema haya, na sauti yako ikabadilika, na tangu siku ile simu zako zikawa za sikukuu tu.

Nilikudanganya? Nimejihukumu usiku na mchana. Niliamini najua jibu lake. Nilihofia pia kubaki peke yangu katika nyumba hii yenye vyumba vinne na saa inayopiga. Vyote viwili ni kweli, na cha pili ndicho kilichoharakisha cha kwanza. Nilipotoka na Mama siku ile sikusubiri tufike nyumbani. Nilimpigia magoti pale pale ngazini, watu wakipita na bahasha zao za picha za eksirei. Nikamuuliza siku ile alinijibu nini.

Akavuta pumzi, kama alivyofundishwa. Akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji taa: "Nilikwambia ndiyo."

"Mbona hukunisuta, Mama?"

"Nilikusuta. Ulikuwa unaongea."

Basi ukisema hana la kusema, najua neno hilo umelitoa wapi. Ni langu. Mimi ndiye niliyekuletea habari kwamba mama yako hakutaki, nawe ukaumia, na mtu aliyeumia hupenda kuamini kwamba hakuna aliyemkataa, ni kwamba hakuna mtu tena pale ndani. Ninakuomba radhi. Siiombi kwa kukuandikia maneno mazuri, kwa sababu hayo ninayo mengi na hayagharimu kitu. Naiomba kwa kukuambia yaliyobaki, nayo si mazuri.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa daktari kuuliza juu ya safari. Alinisikiliza, akafungua faili, akatikisa kichwa. Mwaka jana, alisema, angeweza. Sasa kumeza kumekuwa kwa shida. Mwezi mmoja kabla ya hapo chai ilikuwa imempalia mpaka akawa wa buluu midomoni, na wiki ile ile tukaanza kumkorogea kila kinywaji kiwe kizito kama uji. Kwa safari ya saa tisa ndani ya ndege, daktari hatii sahihi ya ruhusa. Hiyo sentensi ya tisa, Mama anaifanyia mazoezi kila siku kwa sauti safi kabisa, na hakuna tena atakayeweza kuitimiza. Anajua. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso. Binti alimuuliza kama anataka kuibadilisha. Akasema, "Iache. Ni ya kweli."

Tena taa zinarudi nyuma. Mwanzo wa mwezi wa nane alikuwa anazungumza kwa taa saba. Mwisho wa mwezi, tano, ya sita ikipepesa. Alhamisi iliyopita, nne. Binti hakutuficha: mazoezi haya hayaponyi ugonjwa, yanashindana nao mbio, na ugonjwa hauchoki. Mapafu yanaishiwa nguvu. Anadhani tuna wiki tatu, nne tukibahatika, za sauti inayovuka meza. Baada ya hapo kisanduku kitatuonyesha tu kile tulichokipoteza.

Sasa sikiliza kuhusu sentensi ya kumi, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika badala ya kukutukana kwa simu.

Karatasi ya Mama imebandikwa kabatini kwake kwa gundi ya karatasi. Sentensi tisa kwa mwandiko wa binti, mstari wa kumi mtupu. Nilidhani alichoka. Nikamuuliza binti, akasita, akasema Mama amemkataza kuiandika. Alimwambia: "Ya kumi ni ya mwanangu wa mwisho. Nitamwambia akija." Anaifanyia mazoezi kama nyingine zote, mara tano kila kikao. Siku hizi wakifika hapo, binti hunituma mpaka getini, si koridoni tena, kwa sababu Mama ameuliza kama mlango ule unasikika nje. Nimejaribu simu. Nilimwekea simu mbele yake Jumanne nikupigie, akaisukuma kwa kiganja. Simu inamkata sauti, na yeye hataki kulirudia neno hilo huku watu wakimwambia "halo, halo".

Wewe unasema hana la kusema. Analo moja, amelificha vizuri kuliko nguo zake za kuzikiwa, na kila siku linapungua taa. Mimi silijui. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili kuna jambo la Mama ambalo siwezi kukusemea, na nakuapia, hata ningeliweza nisingelisema.

Fundi cherehani anakusalimu. Amesutwa kwa taa sita na bado anakuja kila jioni, ila siku hizi anakuja na mshono wake na anangoja aulizwe. Mpe wifi salamu zangu za kweli, umwambie najua alipaka rangi kile chumba kwa mkono wake, na kwamba hakukataliwa. Wape pacha mkono. Mungu awaweke katika nyumba ambamo mtu akisema, mwingine anageuka.

Sasa nawaambia wewe na mkeo, si kwa kuomba. Njooni. Mfike kabla ya tarehe tano ya mwezi wa kumi, maana ya baadaye siwezi kuwaahidi. Ukiingia chumbani, kaa upande wake wa kushoto, ule mkono uliotulia. Zima redio, funga dirisha la barabarani. Muulize, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, pole pole, hata ikikuuma, na usimmalizie neno. Na nikifungua mdomo wangu, mdogo wangu, nishike bega unitoe nje, ufunge mlango.

Wako akupendaye na aliyekukosea,

Dada yako.